Akina Mama Wakisimuliana: Utafiti Umeonyesha Nini?

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa barabara, akiukaribia mji wa Morogoro, huiona milima ya Uluguru upande wa mkono wake wa kushoto, imesimama kama ukuta. Mji wenyewe umekaa katika mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Kati ya hapo na pale, katika miteremko ya Mgeta, Matombo, Kinole na Tegetero, wanaishi wakulima ambao nyumba zao zimetawanyika juu ya migongo ya vilima. Kutoka nyumba moja hadi nyingine yaweza kuwa ni kuvuka bonde zima, na njia nyingi ni za miguu. Wakati wa masika njia hizo huteleza kiasi kwamba hata mtu mzima asiye na mzigo hushika fimbo.

Hebu tumfikirie mama mmoja katika mazingira hayo. Amejifungua salama, na siku 3 za kwanza mtoto ananyonya vizuri. Siku ya 4 mtoto analegea, hanyonyi, na mwili wake una joto. Mama anamwuliza mama mkwe, naye anashauri wangoje kidogo. Baba yuko mjini kwenye kibarua. Jioni mvua inanyesha. Asubuhi wanaanza safari ya kushuka, na wanapofika kituo cha afya mtoto hana uhai. Majirani wanakuja kumpa pole, wanakaa naye siku chache, kisha wanatawanyika. Kuanzia hapo jambo hilo halitajwi tena mbele yake, kwa kuwa watu wema huona kuwa kulitaja ni kumtonesha kidonda.

Tazama sasa ni nini kimepotea pamoja na mtoto yule. Mama huyo ndiye peke yake ajuaye ni saa ngapi dalili ya kwanza ilionekana, nani aliulizwa, nani alisema wangoje, fedha ya safari ilikosekana kwa nani, na njia ilichukua muda gani. Hizo zote ni data. Katika mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina 3: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Daftari la hospitali huonyesha vizuri ucheleweshaji wa 3. Wa 1 na wa 2 umo katika simulizi la mama, na simulizi hilo likinyamazishwa hapana chombo kingine cha kuupimia.

Takwimu za nchi yetu zinaonyesha kwa nini jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015–16 ulikadiria kwamba akina mama 556 walifariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika muda huohuo akina mama waliojifungulia katika vituo vya huduma waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Haya ni maendeleo makubwa. Lakini vifo vya watoto wachanga, yaani wasiotimiza siku 28, vilikuwa 25 katika kila vizazi hai 1,000, vikawa 24. Kwa maneno mengine, havikupungua. Sehemu kubwa ya siku hizo 28 mtoto huwa nyumbani, mikononi mwa mama yake na wale wanaomzunguka, mbali na macho ya mganga na mkunga. Kwa hiyo yafaa tuulize ni watu gani wanaomzunguka mama, na wanazungumza naye nini.

Ukoo wa mama

Waluguru ni miongoni mwa watu wa mashariki ya Tanzania, pamoja na jirani zao Wazaramo, Wakutu na Wakaguru, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na haki ya kulima ardhi ya ukoo ilipitia huko huko. Mjomba alikuwa na sauti kubwa. Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba mpango huo ulimweka mwanamke karibu na mama yake mzazi, dada zake na mama zake wadogo, na hao ndio waliomkalia wakati wa uzazi. Elimu ya uzazi haikuandikwa. Ilikaa katika vinywa vya wanawake wazima, na ilitolewa kwa mwali alipowekwa ndani na kwa mzazi alipokuwa bado hajatoka nje na mtoto wake.

Si yote yaliyofundishwa humo yalikuwa sahihi, na nitarudi kwenye hilo. Lakini chombo chenyewe, yaani mkutano wa wanawake wanaoambizana yaliyowapata, kilikuwapo kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa. Leo wasichana wengi huolewa mbali au huenda kuishi mjini, katika vyumba vya kupanga pale Morogoro au Dar es Salaam, ambako jirani hamjui jirani. Mzazi wa kwanza hujikuta na kichanga, chumba kimoja, na simu.

Maziwa na wasiwasi

Wanafunzi wa baiolojia wanafahamu kwamba mtoto anaponyonya, neva za chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi ya pituitari humimina katika damu homoni iitwayo oksitosini. Homoni hiyo huvifikia vyumba vidogo vya maziwa na kuzifanya chembe zinazovizunguka zijikaze, na maziwa husukumwa nje. Kutengeneza maziwa ni kazi moja, na kuyaachia ni kazi nyingine. Hii ya 2 huathiriwa sana na hali ya nafsi.

Mwaka 1948 Michael Newton na mkewe Niles, wa Marekani, walichapisha jaribio dogo ambalo yafaa kila mwalimu alijue, kwa kuwa ni rahisi kulieleza darasani. Walimpima mtoto uzito kabla ya kunyonya na baada ya kunyonya, ili wajue amepata maziwa kiasi gani. Siku za utulivu mtoto alipata wastani wa gramu 168. Siku nyingine mama alisumbuliwa makusudi: miguu yake ilitiwa katika maji ya barafu, vidole vya miguu vilivutwa mpaka vikauma, au aliulizwa maswali ya hesabu mfululizo. Siku hizo mtoto alipata gramu 99 tu. Kisha mama alisumbuliwa vivyo hivyo lakini akachomwa sindano ya oksitosini, na mtoto akapata gramu 153. Hivyo maziwa yalikuwamo siku zote, ila usumbufu uliyazuia yasiachiwe. Jaribio lilikuwa la mama mmoja, nalo peke yake lisingetosha kuthibitisha kanuni, lakini uchunguzi uliofuata umekubaliana nalo.

Sisemi kwamba mazungumzo huongeza maziwa kama mbolea iongezavyo mahindi. Ninachosema ni kwamba mama mwenye hofu, aliyeambiwa kuwa maziwa yake ni mepesi au hayatoshi, aweza kweli kuyaona yakipungua, kisha akaanza kumpa mtoto uji akiwa na umri wa wiki chache. Mwanamke mwingine akimwambia, "Hata mimi yalikuwa hivyo kwa mtoto wa kwanza, nikaendelea kumnyonyesha, yakaja," amemwondolea sehemu ya kile kinachoyazuia.

Huzuni isiyo na jina

Katika miaka ya mwanzo ya 1970 daktari wa magonjwa ya akili John Cox, Mwingereza, alifanya kazi Uganda na kuwachunguza akina mama karibu na Kampala. Aliwakuta baadhi yao wakiwa na huzuni nzito baada ya kujifungua. Kadhalika alikuta kwamba Waganda wenyewe walikuwa na jina la ugonjwa wa akili unaompata mzazi, amakiro, na aliandika juu yake mwaka 1979. Aliporudi kwao aliendelea na suala hilo, na mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa kipimo cha maswali 10 kinachojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh, ambacho hutumika duniani kote kumtambua mama mwenye sonona baada ya uzazi. Si watu wengi wanaojua kwamba mizizi ya kipimo hicho imo Afrika Mashariki.

Lakini jina la amakiro lilikuwa na mwiba. Ilisemekana kwamba ugonjwa huo huletwa na uasherati wakati wa ujauzito. Mgonjwa basi alikuwa pia mshtakiwa. Sisi nasi tunalo neno la namna hiyo. Mtoto anapodhoofu, akakonda na miguu ikawa haina nguvu, husemwa kwamba "amebemendwa", maana yake wazazi wake wamevunja miiko ya kukutana kimwili wakati wa kunyonyesha. Daktari angeona hapo utapiamlo, au kifua kikuu, au ugonjwa mwingine unaotibika. Mama anaona aibu, naye aghalabu humficha mtoto badala ya kumpeleka kwenye mizani. Nadhani hakuna mfano bora zaidi wa kuonyesha jinsi fedheha inavyoweza kuua bila kijidudu chochote kubadilika.

Fedheha ya namna hiyo haiondolewi kwa bango lililobandikwa ukutani. Hupungua pale mwanamke anayeheshimiwa anaposema mbele ya wenzake, "Wangu naye walisema hivyo, nikampeleka, akapona." Muhimbili walilipima jambo linalofanana na hili. Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2013 matokeo ya jaribio la Dar es Salaam lililohusu wajawazito 331 wenye virusi vya UKIMWI. Baadhi yao walikutana katika vikundi mara 6 wakiongozwa na wauguzi wakunga, na wengine walipata huduma ya kawaida tu. Mwishoni asilimia 60 ya waliokuwa katika vikundi walikuwa na dalili za sonona, ikilinganishwa na asilimia 73 ya wengine. Tofauti hiyo si kubwa, na washiriki wengi hawakupatikana mpaka mwisho wa jaribio. Mtafiti mwaminifu husema yote mawili.

Kutoka Bolivia hadi Nepal

Ushahidi ulio mzito zaidi umetoka mbali, katika nchi za milima kama Uluguru. Katika wilaya ya Inquisivi, nyanda za juu za Bolivia, mpango ulioitwa Warmi ulianza mwaka 1990. Wanawake wa vijijini walikusanyika, wakasimuliana yaliyowapata katika uzazi, wakachagua wenyewe matatizo ya kushughulikia kwanza, wakapanga la kufanya, kisha wakakutana tena kutazama kama limefanikiwa. Vifo vya watoto vya kabla tu ya kuzaliwa na mara baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 117 hadi karibu 44 katika kila vizazi 1,000.

Mwanafunzi makini atauliza mara moja: je, visingeshuka hata bila mikutano? Pengine barabara ilifunguliwa, au mavuno yalikuwa mema. Kulinganisha kabla na baada hakutoshi. Ndiyo maana watafiti wa Nepal, katika wilaya ya Makwanpur, walifanya jaribio la namna nyingine. Walichukua maeneo 24 ya vijiji, wakayapanga jozi 12 za maeneo yanayofanana, na katika kila jozi wakapiga kura: eneo moja lipate vikundi vya akina mama, jingine lisipate. Kura haina upendeleo. Kama barabara au mavuno yatabadilika, yaelekea yatabadilika pande zote mbili.

Mwezeshaji alikuwa mwanamke wa hapo hapo. Hakuwa muuguzi wala mkunga. Aliongoza mkutano mmoja kila mwezi katika kila kikundi, akitumia picha na hadithi kuanzisha mazungumzo. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Mahali penye vikundi walifariki watoto wachanga 26 hivi katika kila vizazi hai 1,000, na mahali pasipo na vikundi 37 hivi. Vifo vya akina mama navyo vilikuwa vichache zaidi penye vikundi, ingawa jaribio halikuwa limepangwa kwa ajili ya kuvipima hivyo.

Maneno matupu hayamkati mtoto kitovu wala hayambebi mama mteremkoni. Vikundi hivyo, baada ya kusimuliana, vilianzisha mifuko ya fedha za dharura, vikaandaa machela za kubebea wagonjwa, vikatengeneza na kugawa vifurushi vya vifaa safi vya kujifungulia. Hayo hayakuagizwa kutoka makao makuu. Yalitokana na kugundua, simulizi baada ya simulizi, kwamba kisa cha fulani na kisa cha fulani vina chanzo kimoja. Mama mmoja akisema alikosa nauli, watu husema ni bahati yake mbaya. Wakisema 8 kati ya 20, hiyo imekuwa hesabu, na hesabu hudai jibu.

Jaribio jingine, la Bangladesh, halikufanikiwa, na kwangu mimi hilo ndilo linalofundisha zaidi. Katika awamu ya 1 kulikuwa na kikundi kimoja kwa watu 1,414, na vifo havikupungua. Watafiti hawakulitupa wazo. Waliongeza vikundi hadi kimoja kwa watu 309, na safari hii vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mwaka 2013 majaribio 7 ya Nepal, India, Bangladesh na Malawi, yenye jumla ya vizazi 119,428, yaliunganishwa katika uchambuzi mmoja. Ilionekana kwamba pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki, vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa theluthi moja. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo itumike vijijini ambako huduma ni haba.

Yaliyofanyika kwetu

Wasomaji wenye umri wataona kwamba jambo hili si geni kabisa kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchini kote, wakajadili na kuchimba vyoo. Miaka 2 baadaye ikaja "Chakula ni Uhai". Zote mbili ziliongozwa na elimu ya watu wazima, na zilifanya kazi kubwa. Hata hivyo somo lilitoka redioni, na kikundi kililipokea na kulijadili. Kule Makwanpur mkutano ulianza na yaliyompata mama.

Hatua ya kuelekea huko ilichukuliwa pia hapa hapa. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyekaa na wanawake wa Kizaramo kijijini Bunju katika miaka ya 1960, alikuwa miongoni mwa walioanzisha utafiti shirikishi nchini, na mradi wa Jipemoyo wa miaka ya 1975 hadi 1979 uliutumia katika magharibi ya Bagamoyo, si mbali na Morogoro. Mwanakijiji alihesabiwa kuwa mtafiti mwenza. Huko Uluguru wazee hawahitaji kufundishwa ubaya wa njia nyingine. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, bila kusikiliza waliyoyajua wenyewe juu ya udongo wao mwembamba na uzito wa kazi hiyo. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka huko Matombo, na mpango mzima ukaachwa.

Tahadhari

Masimulizi yanaweza kudhuru pia. Kikao cha wanawake kilichoamini kwamba maziwa ya kwanza ya njano ni machafu kitamfundisha kila mzazi mpya kuyakamua na kuyamwaga, wakati ambapo ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote. Mwenye mimba ya kwanza akisimuliwa visa vya kutisha mfululizo, huenda akatoka na hofu kubwa kuliko aliyoingia nayo. Aidha siri hutoka. Jambo lililosemwa kikundini likifika kisimani kabla ya jua kutua, mkutano unaofuata utakuwa wa watu wachache.

Ndiyo sababu mwezeshaji ana kazi ngumu. Hatakiwi kuhutubia, lakini hatakiwi kuacha kosa lipite. Anapaswa kujua dalili za hatari kwa kichanga: kutonyonya, joto kali au ubaridi wa mwili, kupumua haraka, degedege, kitovu chekundu au chenye usaha. Anapaswa kumwacha aliyefiwa na mtoto aseme au anyamaze, kwa kadiri apendavyo. Mpaka wa kikundi nao ujulikane. Mama anayesema hataki kuishi hahitaji visa vya wenzake tu, anahitaji kupelekwa kwa mganga siku hiyo hiyo.

Kwa mwalimu wa Uluguru, au wa mahali pengine penye milima, liko zoezi ambalo wanafunzi wa kidato cha 3 wanaweza kulifanya bila gharama. Wachore ramani ya kijiji, waandike kwa kila kitongoji muda wa kutembea hadi zahanati wakati wa kiangazi na wakati wa masika, halafu waitumie kujadili ni kitongoji kipi kingehitaji machela kwanza. Habari za vifo wasiziulize. Hizo si za wanafunzi kuhojia.

Vikundi vya kuanzia vipo tayari. Vijiji vingi vya mkoa huu vina vikundi vya hisa na VICOBA, na wanachama wengi ni akina mama. Hukutana kila wiki kuzunguka sanduku lenye kufuli 3, ambazo funguo zake hushikwa na watu 3 tofauti. Pembeni ya fedha za hisa huwa na mfuko mdogo wa jamii, ambao hutolewa mwenzao anapougua, anapofiwa au anapojifungua. Kila mara mfuko huo unapotolewa, mtu mmoja amelazimika kueleza mbele ya wenzake nini kilimpata.